Nafasi Nane

Kompyuta ya Josepha ilikataa saa tatu na dakika mbili asubuhi. Ya Adolphe ilikataa dakika moja baadaye, kwa maneno yale yale: Imeshindikana kujiunga na mtandao huu.

Josepha alibonyeza tena. Kiduara kikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kikasimama, na maneno yakarudi palepale. Akalifuta neno la siri, akaliandika upya herufi moja moja huku akilitamka kwa midomo. Kikazunguka. Kikakataa.

"Maman Josepha," alisema Adolphe kutoka upande wa pili wa meza, "yangu pia iko inakatala."

"Umeandika vizuri?"

"Nimeandika vile ulinipa. Jumamosi tulijaribu hapa hapa, ikaingia mara moja."

Nje, uani, wanawake wa jumuiya ya Mtakatifu Rita walikuwa wakiimba. Ilikuwa siku ya tisa ya novena. Kwa siku nane walikuwa wamezunguka nyumba kwa nyumba wakimwombea Josepha, na siku ya kuifunga novena ni lazima iwe kwa mwenye shida, na mwenye shida awape uji. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za mama zao. Walikuwa kumi na mmoja, wamekaa kwenye mikeka tangu saa mbili. Vitabu vya novena vilishachakaa, kurasa zimetoka, kwa hiyo siku hizi walifuata sala kwenye simu, na aliyekosa mtandao alichungulia ya jirani. Waifai ya Josepha waliijua wote. Nyumba za hapo zimekaa bondeni, chini ya barabara ya Kibondo, mahali ambapo simu hushika kijiti kimoja tu cha mtandao, nacho huja na kuondoka kama homa. Ni nyumba ya Josepha peke yake iliyokuwa na mlingoti na antena, na Josepha hakuwa mtu wa kuwanyima majirani maji wala hewa.

Aliangalia saa ya ukutani. Ujumbe wa ofisi alikuwa ameusoma mpaka akaujua kama sala ya Nasadiki: mlango wa mtihani wa mtandaoni utafungwa saa nne kasorobo, na mtumishi ambaye hatakuwa ameingia atahesabiwa kuwa amejiondoa kazini kwa hiari yake.

Josepha alikuwa mtunza stoo wa shirika lililogawa sabuni na mablanketi katika kambi ya Nyarugusu. Adolphe, Mkongomani mrefu aliyeishi humo kambini, alikuwa karani wake. Shirika lilikuwa linapunguza watu, na kila mmoja alitakiwa kuiomba upya kazi yake mwenyewe kwa mtihani wa muda wa saa mbili. Ufanyike ndani, mezani, uso ukionekana kwenye kamera, na kwenye kompyuta ya ofisi tu, kwa sababu kwenye simu haukufunguka. Kule kambini hapakuwa na mtandao wa kutegemea, ndiyo maana Adolphe alikuja Kasulu leo, kama Jumamosi, kwa kibali cha siku moja. Kibali hicho alikiweka mfuko wa shati, na kila baada ya dakika chache alikigusa kuona kama bado kipo.

"Tutumie bando la simu yako," Josepha alisema.

Wakajaribu. Kijiti kimoja kikaja, kikaondoka.

"Tupande kule kwa barabara na mashini zetu?" Adolphe aliuliza.

"Yangu betri ilikufa mwaka jana. Ukiichomoa kwenye umeme inazima. Yako ina dakika ngapi?"

"Arobaini. Labda."

"Mtihani ni saa mbili nzima."

Adolphe akageuza simu yake juu ya meza ili Josepha aone, na sauti yake ikashuka.

"Maman, angalia. Simu yangu iko ndani ya réseau, ya mtandao. Yako pia iko ndani. Hawa bamama huko inje, simu zao zinasoma sala. Mashini za bureau, za ofisi, zote mbili, hapana. Hiyo ni nini kama siyo bureau?"

"Unataka kusema nini?"

"Félicité wa mapokezi unamukumbuka? Mashini yake ya bureau ilijifunga Jumanne. Kesho yake akapewa barua ya kumufukuza."

Josepha alikumbuka kwamba Jumatatu mkubwa wa kituo alipita stoo, akamsalimia mlinzi, akamsalimia dereva, yeye akamruka kama kiti. Wakati ule alijiambia mzee ana mawazo. Sasa aliona wazi. Walishamkata. Huu mtihani ulikuwa wa wengine. Yeye ameachwa ahangaike na kiduara mpaka mlango ufungwe, ndipo waseme amejiondoa mwenyewe. Na Evaline, binti yake, alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi Kigoma.

"Ee Mungu wangu, usiniache," alisema, si kwa sala bali kwa hofu, kama mtu anayeteleza.

Alipanda stuli, akafikia ruta juu ya kabati pembeni ya sanamu ya Bikira Maria, akachomoa waya. Theonest, mume wake, alimfundisha kwamba ikileta ukorofi uizime, uhesabu mpaka thelathini, uiwashe. Alihesabu kwa Salamu Maria tatu.

Kule nje wimbo ukakatika.

"Heee! Imekata!"

"Josepha! Mtandao umekwenda wapi? Tuko katikati ya litania!"

"Unarudi, mama zangu!" Josepha alijibu kupitia dirishani. Akachomeka. Taa zikawaka moja moja, nyekundu, kisha kijani.

"Imerudi! Asifiwe!"

Simu zao ziliingia kabla hajashuka kwenye stuli. Kompyuta mbili juu ya meza zilizungusha viduara vyake, zikakataa kwa pamoja.

"Njo vile," alisema Adolphe. "Bametufungia."

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nne.

Kupiga simu ya kueleweka ilibidi kupanda mpaka barabarani. Josepha alipita uani akijilazimisha kutembea kama mtu asiye na haraka. Mama Anania, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza maandamano, alisimamisha wimbo kwa kidole.

"Vipi, mwanangu, umeshaingia?"

"Bado kidogo, mama."

"Dada Josepha, usipaniki bwana," alisema Winnie, mdogo kuliko wote, mwenye saluni karibu na stendi. "Mungu hajawahi kufeli."

Wengine wakacheka, na mmoja akaanzisha wimbo mwingine, wa nguvu zaidi, ili umsukume mlimani.

Theonest alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Murungu, kule Kibondo, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Aliipokea simu mara ya tatu. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto na majembe.

"Niko na darasa la sita kwenye bustani ya shule. Kuna nini?"

"Theonest, wamenifukuza."

"Nani?"

"Ofisi. Wamezifunga kompyuta, yangu na ya Adolphe. Simu zinaingia, kompyuta haziingii. Wameshanikata, wanasubiri tu muda upite." Sauti ikamponyoka. Mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita akageuza shingo kumtazama, na Josepha akageukia ukingo wa barabara.

Theonest akauliza swali ambalo Josepha hakulitegemea.

"Nyumbani kuna watu?"

"Si leo ni novena! Jumuiya yote ipo."

"Wangapi?"

"Sasa wageni nao unawahesabu? Kumi na mmoja."

"Na simu zao?"

"Nani siku hizi haji na simu?"

Watoto walipiga kelele, Theonest akawafokea, kisha akarudi kwa sauti ndogo.

"Josepha, usikasirike. Nilipokuja mwezi uliopita niliiwekea ruta kikomo. Vifaa vinane tu. Cha tisa kinakataliwa."

Lori lilipita likielekea Manyovu. Josepha alingoja vumbi litulie, ingawa hakuwa analiona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Bando la mwezi lilikuwa linaisha tarehe kumi na mbili. Ningesema, ungesema nawanyima mama zako wa jumuiya. Nikaona bora mashine ikatae kuliko mimi."

"Iondoe basi! Niambie nibonyeze wapi!"

"Kuna namba ya siri nyingine ya kubadilisha. Nimeiandika nyuma ya andalio la somo, liko chumbani kwangu huku. Ni nusu saa kwa baiskeli, kwenda tu. Saa hizi saa ngapi?"

"Saa tatu na ishirini na moja."

"Basi hatuwahi. Wewe waombe wazime simu. Waombe tu."

Waombe tu. Alishuka bondeni huku maneno hayo yakimchoma. Mume wake alijificha nyuma ya mashine, kisha akamtuma yeye kwa watu. Hawa ndio walioosha maiti ya mama yake. Walikesha naye siku saba, wakampikia, wakamfulia. Leo wamekaa na njaa kwa ajili yake. Amwambie nani kati yao kwamba nyumba hii ilishapanga ni wangapi wanaotosha?

Hapohapo hofu ile ya kwanza ilikuwa imeondoka, maana ofisi haikuwa imemfunga. Lakini hofu iliyokuja badala yake ilikuwa na nyuso, na nyuso zote alizifahamu.

Alipofika uani alitabasamu, na akasema uongo.

"Mama zangu, ofisi wanataka utulivu wakati wa mtihani. Naomba tuzime simu kidogo."

"Utulivu tu?" alisema Mama Anania. "Haya jamani, simu kimya! Na sauti tushushe, Mungu si kiziwi."

Vidole kumi na moja vikabonyeza pembeni mwa simu. Wimbo ukawa mnong'ono. Josepha alikimbilia ndani, akazima simu yake, akamwambia Adolphe azime yake, akaeleza kwa maneno mafupi. Adolphe alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka cheko la woga.

"Simu za sala! Ni simu za sala!"

Wakabonyeza. Viduara vikazunguka, vikakataa.

"Bado," alisema Adolphe.

"Ngoja kidogo."

Wakangoja, wakajaribu mara ya pili, wakajaribu mara ya tatu. Saa tatu na nusu. Josepha alisogeza pazia. Wanawake walikuwa wamezinyamazisha simu kweli, kama alivyosema Mama Anania, lakini vioo vilikuwa vikiwaka na litania inaendelea kusogezwa kwa dole gumba. Utulivu aliouomba walimpa.

"Hawajazima," alisema. "Wameondoa sauti tu."

"Rudi uwaambie kweli, maman." Adolphe aligusa mfuko wa shati. "Uongo iko inakula dakika zetu."

"Wewe huwajui hawa."

"Siwajui. Lakini mimi nikikosa hii kazi sina shamba, sina mwajiri mwingine, hata kutoka kambini ni kwa karatasi. Nakuomba."

Josepha alitoka. Alijaribu kuongea amesimama, akaona anawazidi kwa juu kama hakimu, akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

"Mama zangu, nisameheni, nimewadanganya. Si habari ya utulivu. Mtandao wa hapa una nafasi nane tu. Simu zenu zimezijaza, kompyuta zimekosa pa kuingia. Mlango unafungwa saa nne kasorobo. Nikikosa, nimeacha kazi."

Mama Anania aliiweka chini rozari yake polepole.

"Nafasi nane. Ni nani aliyeziweka?"

Josepha angeweza kusema ni kampuni ya simu. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Alilimeza.

"Baba Evaline."

"Kwa sababu gani?"

"Bando lilikuwa linaisha mapema."

"Ahaa." Mama Anania aliwatazama wenzake mmoja mmoja. "Mmesikia. Tunakaribishwa kwa mdomo, nyuma tunahesabiwa."

"Alihesabu simu, mama, hakuhesabu watu."

"Na simu iko mkononi mwa nani? Mwa mbuzi?"

Mtu mmoja alicheka, wengine hawakucheka.

"Siku tisa sijala asubuhi," alisema Mama Anania, na sasa sauti yake haikuwa ya maandamano, ilitetemeka. "Siku tisa nasema, Bwana, mfungulie huyu mtoto. Kumbe anayemzibia njia ni mimi."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesemaje basi?"

"Jamani, muda!" Winnie alisimama. "Washeni kindege tu, si kitu kikubwa. Leteni niwawashie."

"Kindege gani tena?" aliuliza Mama Anania.

"Hicho kialama cha ndege, shangazi, hapo juu. Kinakata mtandao."

"Usinishikie simu yangu!" Mama Anania alikwishainuka, akaanza kukunja mkeka. "Twendeni kwangu. Kwangu hakuna waifai, lakini hakuna kikomo. Novena tutaifungia huko."

Wakainuka. Si wote walikuwa na hasira. Wengine waliinuka kwa sababu mwenyekiti ameinuka. Josepha alibaki magotini.

"Uji uko tayari, mama zangu. Angalau uji."

"Uji wagawie wanane," alisema mmoja bila kugeuka.

Walipanda njia ya kuelekea barabarani kwa mstari. Winnie alikimbia kutoka mmoja hadi mwingine akiomba simu, akibonyeza, akirudisha, akitukanwa, akiendelea. Kisha sauti ya Adolphe ikapasuka kutoka ndani.

"Maman! Imeingia! Yangu imeingia! Kuya mbio!"

Josepha hakukumbuka baadaye alivyofika mezani. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na mbili. Alibonyeza. Kiduara kikazunguka. Alifumba macho kwa sababu hakuweza kukitazama. Alipoyafumbua, kamera ilikuwa inamwonyesha mwanamke mwenye kilemba kilichopinda na mashavu yaliyolowa, na chini yake pameandikwa: Karibu. Thibitisha jina lako.

Alithibitisha zikiwa zimebaki sekunde hamsini.

Mtihani wenyewe aliufanya akiwa na masikio mlangoni. Swali lilisema stoo imepokea marobota mia nne na themanini ya mablanketi, na yeye, aliyehesabu marobota kwa miaka tisa, alilisoma mara nne bila kulielewa. Kila nyayo zilipopita njiani alikaza kidole juu ya meza. Aliogopa mtu atarudi kuchukua mwavuli aliousahau, na simu yake, ingawa nafasi sasa zilikuwepo, imsukume nje Adolphe, au yeye. Alijiona anamwomba Mungu asije mgeni yeyote nyumbani kwake. Sala kama hiyo hakuwahi kuisali maishani, nayo ilimtia woga kuliko maswali.

Taa ya ruta ilipepesa mara moja. Ikatulia.

Saa tano na dakika arobaini kompyuta iliandika kwamba majibu yametumwa, na matokeo yatatoka Ijumaa. Hakuna aliyeshangilia. Adolphe aliifunga kompyuta yake kwa mikono miwili, kama mtu anayefunika chungu cha moto, akaiweka kwenye begi.

"Ulijibu yote?" Josepha aliuliza.

"Nilijibu. Kama ni kweli, Mungu anajua." Alitoa kibali, akakisoma, akakirudisha. "Niende kutafuta pikipiki. Saa nane niwe ndani."

Alitoka, kisha kichwa chake kikarudi mlangoni.

"Maman, kuko mama moja huku inje."

Josepha alitoka. Ua ulikuwa mtupu, mikeka imeondoka, na kuku walikuwa wakidonoa pale walipokaa watu. Kwenye kibaraza cha jikoni alikuwa amekaa Mama Leonidasi, mkongwe kuliko wote katika jumuiya. Simu yake ilikuwa juu ya kitenge, imelala kifudifudi, mgongo wazi. Mfuniko aliushika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa ngumi.

"Mama! Uko hapa tangu saa ile?"

"Yule mtoto wa saluni alikimbia na wenzake, hakufika kwangu. Hicho kindege chenu nilikitafuta nikakikosa." Alifumbua ngumi. Ndani yake palikuwa na betri ya simu, imelowa jasho. "Nikaing'oa hii. Nikaogopa nikitembea nayo itagusana na simu, ikuharibie. Nikakaa."

"Saa mbili nzima, mama?"

"Sasa naweza kuirudisha, au mashine yako bado inaogopa?"

Josepha alikaa kando yake. Alitaka kuuliza kuhusu wengine, lakini kutoka upande wa nyumba ya Mama Anania wimbo wa kufunga novena ulikuwa unasikika waziwazi, nao ukamjibu.

"Wamekasirika," alisema Mama Leonidasi. "Mama Anania namjua tangu hajaota meno. Atakasirika mpaka Pasaka. Wewe utakwenda kwake leo, utakwenda kesho, utakwenda tena. Na mumeo akija aende kwa miguu yake, asitume mtu."

"Nitakwenda, mama."

"Umeingia lakini?"

"Niliingia. Kama nimeshinda sijui."

"Sikukuuliza hilo."

Josepha aliichukua betri, ikiwa bado na joto la kiganja cha yule mzee. Alijaribu kuipachika mahali pake, lakini vidole vilivyokuwa vimetulia kwa nguvu mezani sasa vilimkataa. Ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza, na mara ya tatu machozi yakadondoka ndani ya simu yenyewe.

Mama Leonidasi alimshika mkono, akavikunja vidole vyake juu ya betri, kimoja kimoja, akaushikilia hivyo.

"Iache," alisema. "Leonidasi akinipigia akanikosa, atajua niko kwako."